Mvuvi wa Kigoma kwenye maji ya barafu

Nilizaliwa Kigoma nikakulia Kibirizi, mahali ambapo mtoto hufundishwa kuogelea na wenzake kabla mwalimu hajamfundisha kusoma. Baba mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza alitoka na wenzake na karabai zao, alfajiri wakarudi, nasi watoto tukapokea ndoo ufukweni. Kwa hiyo nilipohamia Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, na mzee mmoja niliyefanya naye kazi kiwandani akanialika twende kuvua kaskazini, sikuuliza maswali mengi. Maji ni maji, nilijiambia. Nimekuwa mtoto wa ziwa tangu nizaliwe.

Nimekwenda huko mara saba sasa. Ninaandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko huku, hasa wale tuliotoka kando ya Tanganyika, Viktoria na Nyasa, kwa sababu sisi ndio tunaoingia kwenye maji yale kwa kujiamini kupita kiasi.

Eneo lenyewe linaitwa Boundary Waters, maji ya mpakani. Liko kaskazini kabisa mwa Minnesota, ndani ya msitu wa taifa wa Superior, na limepakana na Kanada kwa karibu maili 150. Ni zaidi ya ekari milioni moja za misitu, miamba na maziwa yanayopita 1,000, yaliyoungana kwa mito na vijia. Ukivuka mpaka unaingia hifadhi ya Quetico ya Ontario, ambako maji ni yaleyale. Sheria ya mwaka 1964 ililitambua kuwa pori la kuachwa kama lilivyo, na ile ya 1978 ikazuia injini katika sehemu kubwa ya maziwa yake. Hakuna barabara wala duka, na simu ni ya kupigia picha tu. Unasafiri kwa kafi, na ziwa likiisha unasafiri kwa mabega.

Hayo ya mabega yanahitaji maelezo. Kati ya ziwa na ziwa kuna njia ya miguu, na urefu wake hupimwa kwa rodi, kipimo cha zamani cha futi 16 na nusu, karibu mita 5, karibu sawa na urefu wa mtumbwi mmoja. Rodi 320 ni maili. Mtu mmoja anaupindua mtumbwi na kuubeba mabegani kama kofia kubwa, mwenzake anabeba mizigo, mnapita kwenye tope na mizizi huku inzi weusi wakiwauma nyuma ya masikio. Njia nyingi kati ya hizo zilikanyagwa na Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, vizazi na vizazi kabla ya ramani yoyote kuchorwa. Mzee wangu kila akifika mwanzo wa njia husimama kidogo kabla ya kuinua mzigo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Sasa nami nasimama.

Safari ya kwanza tulikuwa wanne, mitumbwi miwili. Mzee na mwanawe walitangulia, nyuma nilikuwa mimi na ndugu yangu wa Uvira. Namwita ndugu ingawa tulikutana huku huku Minneapolis. Yeye ni wa ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Kongo. Alikimbia vita, akaishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, ndipo akaletwa Marekani. Dagaa wangu yeye huwaita ndagala, na mimi nikisema migebuka yeye hunikumbusha kwamba jirani zetu Warundi husema mukeke. Huniita yaya, kwa kuwa nimemzidi miaka minne. Tulianzia Lake One, mashariki ya mji mdogo wa Ely, barabara inapoishia. Kutoka hapo unafuata Lake Two, Lake Three, Lake Four, maziwa yaliyopewa namba badala ya majina.

Ilikuwa Mei, wiki moja tu baada ya msimu kufunguliwa. Barafu ilikuwa imeondoka ziwani siku chache kabla. Jua lilikuwa kali, tumevua makoti, na majaketi okozi tumeyakalia kama mito. Mwana wa mzee alitutazama akataka kusema neno, nadhani akaona haya kutukosoa watu wazima. Mzee alikuwa mbele, hakuona.

Samaki aliposhika mshipi wangu alikuwa paiki, mrefu kama mkono wangu, mwenye mdomo kama wa bata na meno ya mbwa. Nilimwona akipita chini ya mtumbwi. Nikasimama.

Kwetu kila mtu husimama chomboni. Unavuta wavu umesimama, unarusha mshipi umesimama, hata unaongea na mtu wa chombo kingine umesimama. Lakini chombo cha kwetu ni cha mbao, kizito, kina tumbo. Ule mtumbwi wa huku umefumwa kwa nyuzi za Kevlar, una uzito wa kilo 20 hivi, na haumsamehi anayesimama. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka niko ndani ya maji.

Pumzi ilinitoka yote kwa mkupuo mmoja, kisha ikaanza kuingia yenyewe, fupifupi, harakaharaka, bila kunisikiliza. Nilimeza maji. Nilitaka kumwita ndugu yangu, sauti haikuja. Ufuko ulikuwa karibu, mita 30 au 40, umbali ambao Kibirizi tulikuwa tukiuogelea kwa kushindana tukiwa na miaka minane. Nikaanza kuogelea. Baada ya kupiga mikono kama mara ishirini niliona vidole vyangu vimeachana, haviwezi kukutana kukamata maji. Mikono ilikuwa yangu lakini haikunitii. Nikageuka, nikaukumbatia mtumbwi uliopinduka, na upande wa pili nikaona macho ya ndugu yangu. Yeye hakusema kitu. Alikuwa anatetemeka mpaka mtumbwi wote unatetemeka.

Mzee na mwanawe walirudi kwa kasi, wakaturushia kamba, wakatuambia tuizungushe kwapani maana walijua vidole havitashika. Wakatuvuta mpaka kwenye miamba. Nilijaribu kufungua zipu ya shati langu nikashindwa. Mzee, mtu wa miaka sitini na kitu, alinivua nguo zote kama anavyovuliwa mtoto mchanga, akanifuta, akanivika nguo zake kavu, akaniingiza kwenye mfuko wa kulalia. Mwanawe alikuwa tayari amebandua gome la mti mweupe wa birchi. Gome lile lina mafuta, linashika moto hata likiwa limelowa. Moto ukawaka kabla sijaweza kutamka neno moja lililonyooka.

Jioni, tukiwa na chai mkononi, nilimweleza mzee kwamba hatukuvaa majaketi kwa sababu sote wawili tunajua kuogelea. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Wengi waliokufa kwenye maziwa haya walijua kuogelea." Hakuongeza kitu, na hakutukaripia.

Baadaye nilisoma hesabu ambayo Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ameieneza sana huku kaskazini: moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza ni ya kuituliza pumzi, usifanye kingine chochote. Dakika 10 zinazofuata ndizo ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, fanya la maana ndani ya hizo. Saa 1 ndiyo kadirio la muda kabla ubaridi haujakuondolea fahamu, ikiwa una kitu cha kukuelesha. Jaketi ndicho kitu hicho. Bila jaketi, hiyo saa huifikii, kwa sababu misuli inakuangusha mapema na maji yanakumeza ukiwa bado na akili zako timamu. Kipimajoto cha mzee siku ile kilisoma nyuzi 7. Tanganyika maji ya juu ni karibu nyuzi 25 au zaidi, mwaka mzima. Mwili wangu ulikuwa haujawahi kukutana na maji ya namna ile, na ujuzi wote niliokuwa nao ulikuwa ujuzi wa maji ya moto.

Niliporudi mjini nilimpigia baba mdogo nikamsimulia. Alinyamaza, kisha akauliza jambo moja tu: "Ulisimama kwenye mtumbwi wa watu kabla hujaujua?" Nikamjibu ndiyo, baba. Akasema haya, kapumzike.

Lakini sikuacha kwenda. Na hapa nataka nizungumzie upande mwingine, kwa sababu si kila nilichotoka nacho Kigoma kilikuwa cha kutupwa.

Samaki anayependwa kuliko wote kule Wamarekani humwita walleye. Ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965. Mimi nampenda kwa jina alilopewa na Waojibwe, ogaa, kwa sababu linakaa vizuri mdomoni mwa Mswahili. Ana rangi ya dhahabu iliyochafuka, ncha nyeupe chini ya mkia, na macho makubwa yenye ukungu kama ya mtu mwenye mtoto wa jicho. Haumwi. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, kama jicho la paka, kwa hiyo anaona vizuri wakati samaki anaowawinda wameanza kupapasa. Mchana wa jua kali hukaa chini, kimya. Jua likizama, au upepo ukivuruga uso wa maji mwanga usipenye, anapanda kwenye miamba ya maji mafupi kula.

Mzee aliponieleza hayo nilicheka kwa furaha, maana nilikuwa nyumbani. Mvuvi wa dagaa anaishi kwa kuhesabu giza. Kwetu mbalamwezi ikiwa kubwa vyombo hupumzika, kwa sababu karabai haiwezi kushindana na mwezi. Nilikuwa nimekuzwa na watu wanaoutazama mwanga kabla ya kuyatazama maji. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mimi ninayesema, mzee, tusihangaike sasa, tulale, tutoke jua linapokaribia kuzama.

Na kidole. Kumvua ogaa unatumia ndoana ndogo yenye chubwi kichwani, umeichomeka ruba. Ndiyo, ruba, yule yule anayetufanya tukimbie bwawani; huku anauzwa dukani kwenye kopo, anakaa kwenye friji karibu na maziwa. Unaiteremsha mpaka chubwi iguse mwamba, unainua shubiri moja, unangoja. Ogaa hanyakui kama paiki. Anagusa kama mtu anayebisha hodi usiku akiogopa kuamsha nyumba nzima. Wenzangu walikuwa wanatazama ncha ya fimbo. Mimi nililaza mshipi juu ya kidole cha shahada, kama baba mdogo alivyonifundisha kwa mshipi wa mkono, nikafumba macho. Mguso wa kwanza nikauacha. Wa pili nikauacha. Uzito ulipokuja, mzito kidogo tu kuliko chubwi, nikainua. Jioni ile nilivua wanne, na mwana wa mzee akaja kukaa karibu nami akaniuliza nimeweka wapi kidole.

Katika safari zangu ruhusa ilikuwa ogaa 6 kwa mtu, na kati yao mmoja tu ndiye aliyeweza kuzidi inchi 20. Wale wakubwa mara nyingi ni majike, ndio wazazi wa ziwa. Unalowesha mikono kwanza ili usimbandue ute wake, unampima, unamrudisha kwa kichwa. Safari za mwanzo ilinichoma moyo kumwachia samaki mnene wakati mimi ni mtu niliyekulia mahali ambapo samaki mmoja mkubwa ni ada ya shule. Mwaka 2024 nchi zetu zilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, baba mdogo alilalamika sana kwenye simu, na alikuwa na haki ya kulalamika, maana siku tisini na kitu bila kipato si mchezo. Nilimsikiliza. Kisha nikamweleza juu ya wale majike ninaowaachia. Akasema, "Huko mnawaachia mkiwa mmeshiba." Sina jibu kwa neno hilo mpaka leo. Kupumzisha ziwa ni jambo la lazima, lakini anayelipumzisha lazima naye ale.

Jambo jingine la chambo. Maji ya kopo la ruba hayamwagwi ziwani, ni marufuku, na ruba waliobaki hawaachiwi. Mwanzoni niliona ni urasimu. Kisha nikakumbuka sangara, aliyetiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na jinsi alivyowamaliza samaki wadogo ambao bibi zetu wa Mwanza waliwajua kwa majina. Kopo moja linatosha kuanzisha balaa. Sasa mimi ndiye ninayewakumbusha wageni.

Chakula ni raha yenyewe. Makopo na chupa za kutupa za vyakula na vinywaji haviruhusiwi kabisa kule ndani, kwa hiyo mafuta tunayatia kwenye chupa ya plastiki ya kutumia tena na tena, unga wa sembe kwenye mfuko. Kila kambi ina wavu wa chuma wa kupikia, na moto hauwashwi pengine popote. Ndugu yangu wa Uvira ndiye mpishi. Anampasua ogaa kwa kisu chembamba, vipande viwili visivyo na mwiba, anavipaka chumvi na ndimu, unga kidogo, kwenye mafuta. Mimi nasonga ugali. Mara ya kwanza mzee alikula kwa uma. Safari ya tatu alinawa mikono, akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota samaki, na sote wawili tuliacha kula tukamtazama.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba kwa kuwa maji yale unaweza kuyaona mpaka chini basi ni safi kwa kila namna. Zebaki inayotokana na kuchoma makaa ya mawe huko mbali huja na hewa, hunyesha na mvua, huingia kwa wadudu, kwa samaki wadogo, ikajikusanya kwa wakubwa wanaokula wenzao. Idara ya afya ya jimbo hutoa mwongozo wa kiasi cha kula, na wanaoambiwa wawe waangalifu zaidi ni wajawazito, wanaotarajia kushika mimba, na watoto. Mke wangu alipokuwa na mimba ya binti yetu nilirudi na ogaa sita wazuri, na sikumpa. Kwa mtu wa Kigoma kumnyima mjamzito samaki ni kama kumtukana. Ilibidi nikae naye nimweleze, na baadaye nimpigie mama mkwe nimweleze na yeye.

Kwenye Lake Three kuna sehemu ambayo kila nikipita nainua kafi. Mwaka 2011 radi ilipiga karibu na kijito cha Pagami, moto ukanyemelea kwa wiki kadhaa kwenye kinamasi, kisha Septemba upepo ukaukurupusha, ukateketeza zaidi ya ekari 90,000. Magogo meusi bado yamesimama kama milingoti. Chini yake kumejaa misonobari midogo, imebanana. Kuna aina ya msonobari kule ambao koni zake zimefungwa kwa utomvu, na joto la moto ndilo linalozifungua. Mbegu zinasubiri moto miaka na miaka. Ndugu yangu aliangalia vichipukizi vile kwa muda, akasema kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Yaya, hii pori iliungua yote?" Nikasema ndiyo, upande huu wote. Hakusema tena mpaka tulipofika kambini. Uvira nyumba yao ilichomwa. Alipiga picha ya mche mmoja uliokuwa ukifika kiunoni, na bado anayo.

Kuingia kunahitaji kibali. Kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba kila lango lina idadi ya makundi yanayoruhusiwa kulala kwa siku, kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Katika safari zetu tulilipa dola 16 kwa mtu mzima, na leseni ya kuvua ni jambo lingine, unaikata kwa jimbo. Vibali hufunguliwa Jumatano ya mwisho ya Januari, saa tatu asubuhi, na malango mazuri huisha upesi.

Januari iliyopita nje kulikuwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Saa tatu kasorobo simu ikalia. "Yaya, umeamka?" Nilikuwa nimeamka, chai mezani, kompyuta wazi, binti yangu amekaa mapajani akigonga funguo zisizofaa. Mzee siku hizi magoti hayampi nafasi ya kubeba mtumbwi, lakini alikuwa kwenye simu nyingine, akisikiliza. Ndugu yangu akataka tuingie katikati ya Mei, wakati trauti, samaki wapendao maji baridi, bado wako maji ya juu kabla joto halijawashusha kilindini. Nikamwambia hapana. Tulichukua Juni, wiki ya pili, Lake One, watu watano.

"Watano?" akauliza. "Nani wa tano?"

Jaketi dogo la rangi ya chungwa limening'inia jikoni tangu siku hiyo. Jioni binti yangu hulivaa kulia chakula, na hakuna anayemkataza.